Mgongo wa Mkamwana

Ukungu ulikuwa bado umekalia Kilima cha Mvuke, na wakwanguaji wa mabomba walikuwa wanaingia mmoja mmoja kupitia Kizingiti, wanamsalimia Mzee Asajile, wanapimwa, wanapita. Kusalimia na kupimwa lilikuwa jambo moja. Mtu anaweka mguu ndani ya fremu ya Kizingiti, anamwona mzee ameketi kwenye kiti chake, anainama au anapiga magoti kama alivyofunzwa kwao, anasema shikamoo. Huku anainama, macho madogo yaliyopachikwa kwenye fremu toka juu hadi chini yanausoma uti wa mgongo wake kupitia nguo, pingili kwa pingili. Mzee anapoitikia marahaba, kioo cha fremu kimeshatoa rangi. Kijani, nenda kwenye mabomba. Nyekundu, rudi nyumbani ukapumzike.

Mabomba hayo ndiyo yaliyopandisha maji ya moto kutoka tumboni mwa mlima, yakazungusha mitambo, na miji yote ya bondeni ikawaka taa. Ila maji yale yana chumvi. Yakipoa kidogo tu yanaacha ukoko ndani ya bomba, mweupe, mgumu kama jiwe, na ukoko ukiachwa bomba linaziba. Mashine za kuukwangua zilijaribiwa. Chumvi ilizila, zikafia humo humo, zikawa ukoko mwingine wa kukwangua. Basi anaingia mtu. Anavaa suti ya mpira, anatambaa, anajikunja kwenye kona kama mtoto aliye tumboni, anakwangua. Mgongo usiokunjika haufiki kona ya pili, na aliyekwama huko hatolewi upesi.

Kabla ya Kizingiti, Mzee Asajile Mwambene alipima kwa mikono yake. Alikuwa mtu wa fiziotherapia, tiba ya viungo, tangu ujanani, na kazi hiyo aliipenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe. Alimsimamisha mtu, akatafuta vile vishimo viwili vilivyo juu ya makalio, akaweka alama, akapanda sentimeta kumi akaweka alama nyingine, kisha akasema inama. Mgongo wenye afya ngozi yake hutanuka, zile kumi zinakaribia kumi na tano. Mgongo uliokakamaa hautanuki, hata kama mwenyewe ameshika vidole vya miguu, maana huyo ameinama kwa nyonga tu, mgongo umebebwa kama ubao.

Shida haikuwa kipimo, ilikuwa watu. Aliyechoka na mabomba aliishia magotini akaguna. Aliyetaka zamu aliuma midomo akashuka mpaka chini. Ukimwambia mtu inama, tayari umemwambia kuna anayemtazama. Sasa siku moja bwana mmoja aliyekuwa ameshindwa hata kufika magotini alitoka nje ya chumba cha vipimo akakutana uso kwa uso na mjomba wake, na akakunjika hapo hapo kumsalimia, kama kisu cha mfukoni. Mzee Asajile alicheka wiki nzima. Kisha akaacha kucheka akaenda kwa mainjinia. Msiwaambie wainame, aliwaambia. Waacheni wasalimie. Mtu akipimwa anadanganya, akisalimia hadanganyi.

Wakalipenda hilo wazo. Wakajenga fremu, wakampa kiti, wakamwita Mzee wa Kizingiti. Naye akakikalia kile kiti, akanenepa rohoni.

Asubuhi hiyo ya ukungu aliingia Sekela.

Sekela alikuwa mke wa mwanawe, Gwamaka. Huko mlimani baba mkwe na mkamwana hawashikani mkono. Hawakai benchi moja, hawatazamani usoni, na wakikutana njiani mkamwana hupisha, hujifunika khanga kichwani na kusalimia kwa mbali, chini kabisa, kuliko anavyomsalimia mtu mwingine yeyote duniani. Watu walienda mbali kwa sayansi, wakafika kusoma mifupa kupitia nguo, lakini hilo hawakuliacha. Mzee Asajile hakuwahi kumgusa Sekela hata kwa kumpokea kikombe. Chai yake iliwekwa juu ya kigoda, Sekela akaondoka, ndipo yeye akanyoosha mkono.

Sekela alikuwa ameomba mapumziko akisema amechoka, na sasa alikuwa amekuja kupimwa ili arudi. Lugano, msaidizi wa Mzee, alikuwepo, lakini Lugano alisomea kioo. Mgongo wa mtu kwake ulikuwa mstari unaopanda na kushuka. Mzee angeweza kumpisha Lugano kitini. Hakumpisha. Alikaa kwenye kiti chake akageuza uso pembeni kama mila inavyotaka, na Sekela akaingia kwenye fremu, akajifunika, akashuka. Alishuka magoti, akashuka kiuno, akashuka mpaka paji la uso likakaribia sakafu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Kioo kikawa kijani. Lugano alisema ni digrii sitini na mbili, safi kuliko za wasichana.

Kisha Sekela akainuka. Na hapo Mzee Asajile, kwa pembe ya jicho lisilopaswa kutazama, aliona. Aliona kiganja kikishika paja juu ya goti, kingine kikishika juu zaidi, mtu akijipandisha kwa mapaja yake mwenyewe kama anayepanda ngazi. Alisikia pumzi ikikatwa kwa meno. Hakuna mtu wa tiba ya viungo duniani asiyeijua ishara hiyo ya mgongo mgonjwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua.

Akatazama ukutani. Ukutani hapakuwa na kitu. Alijiambia ni adabu, haifai kumkodolea macho mkamwana. Na kijani ni kijani. Na kiti ni chake.

"Mwambie apite," akamwambia Lugano.

*

Walimtoa Sekela kwenye kona ya pili mchana. Wenzake walisema alikuwa anakwangua vizuri, anaimba hata, kisha wimbo ukakatika. Walidhani anapumzika. Alipoitwa alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba miguu yake imeondoka. Ilibidi wafunge maji ya mlima mzima, na bondeni taa zikazimika, ndipo watu wawili wembamba wakaingia na kamba.

Daktari Nsolo wa hospitali ya kilimani alimweleza Mzee kwa upole, maana walikuwa wa kazi moja. Pingili ya chini ilikuwa imesukuma gegedu lililo kati yake na ya juu yake, likabana mishipa ya fahamu. Dawa ilikuwepo, nayo ni mgongo wa pili: uzi unaooteshwa kwenye maji maalumu, unalazwa kando ya uti, unashika mishipa juu na chini ya palipokufa na kuunganisha. Ila uzi hushika mishipa iliyo hai. Zikipita siku chache mishipa inanyauka, na hapo unaweza kulaza uzi wa dhahabu usisaidie kitu. Na mgongo wa pili kwenye kilima kile ulitolewa na Shirika la Mvuke, kwa kanuni ya Shirika. Aliyeingizwa bombani akiwa mgonjwa alipewa, kwa sababu kosa ni la aliyemwingiza. Aliyeingia mzima akajikunja vibaya hakupewa, alihesabiwa amejiumiza mwenyewe.

Jioni yake akaja Bwana Kitandala, meneja, akakaa kitako na Mzee kwa heshima zote. Alitoa pole kwanza, pole ndefu, akauliza hali ya mama nyumbani, akauliza hali ya kijana. Kisha akauliza alichojia. Kizingiti kiliharibika siku ile?

Mzee akasema hapana.

"Basi kipimo kilikuwa sahihi, Mzee wangu?"

Na kipimo kilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililomkaba. Sekela aliinama digrii sitini na mbili kweli, hakuna pingili iliyosomwa vibaya.

"Kilikuwa sahihi," akasema.

Bwana Kitandala akamshukuru, akainama kumuaga, akaenda zake. Mzee Asajile akabaki anatazama mlango uliofungwa, na masikio yake yalikuwa ya moto kama ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

*

Mkewe alikuwa Tumpe, Mama Gwamaka, mwanamke wa maneno machache yenye makali. Siku hiyo hakumwekea chakula mezani. Alimwekea kwenye kigoda, mbali, akasimama pale ukutani.

"Naona leo na mimi ni mkweo," Mzee akasema, akijaribu mzaha.

"Leo sijui wewe ni nani," Tumpe akasema. "Gwamaka kaniambia ulichomjibu Kitandala. Hakuniambia kwa kulalamika, maana wewe ni baba yake. Aliniambia huku anafunga kamba za viatu, na alikuwa keshazifunga."

Mzee akaanza kueleza. Akaeleza kioo, akaeleza pingili, akaeleza kwamba namba ile hata angekuja mpimaji kutoka bondeni angeipata hiyo hiyo. Tumpe akamwacha amalize yote. Kisha akamwambia avae koti, waende wodini, akamweleze mwenyewe mgonjwa hizo pingili.

Wodini kitanda cha Sekela kilikuwa cha mwisho, amelazwa ubavu, uso ukutani, mto katikati ya magoti. Tumpe akavuta pazia. Mzee akaketi upande wa pili wa pazia, na Tumpe akasimama mahali anapoonekana na wote wawili, kwa sababu maneno yalipaswa kupita kwake. Ndivyo ilivyokuwa desturi. Baba mkwe na mkamwana, ukiacha salamu, huzungumza kwa kinywa cha mtu mwingine hata wakiwa wanasikiana vizuri.

"Muulize alianza kuumia lini," Mzee akasema.

Sekela akanong'ona. Tumpe akageuka. "Anasema tangu masika. Alidhani ni uchovu."

"Muulize siku ile ya kipimo aliumia akiinama, au akiinuka?"

"Anasema nusu ya kuinama ndipo ilipochoma. Ile nusu ya pili alishuka nayo hivyo hivyo."

"Kwa nini hakuishia pale ilipochoma?"

Tumpe hakupeleka swali. Alimtazama mumewe kama mtu anayetazama maziwa yaliyomwagika. "Aishie nusu, mbele yako? Akusalimie nusu?"

Mzee alikuwa ameujua mwili wa mtu miaka yote ile, akasahau ni mwili wa mtu. Kuna mwisho unaowekwa na maumivu na kuna mwisho unaowekwa na mfupa. Ukimwambia mtu inama, husimama kwenye mwisho wa kwanza, na huo ndio bomba linaotaka kuujua, kwa sababu mtu hawezi kufanya kazi kutwa nzima ng'ambo ya maumivu yake. Kizingiti kilisoma mwisho wa pili. Kilisoma mahali mtu anapofika akiwa hana ruhusa ya kusimama. Naye ndiye aliyewaelekeza huko, akicheka.

Sekela akanong'ona tena, kwa muda mrefu kidogo. Safari hii Tumpe alikawia kugeuka.

"Nini?" Mzee akauliza.

"Anasema alijua umemwona akijipandisha. Alihisi umemwona. Akangoja useme kitu kwa Lugano. Uliposema apite, akajiambia kama baba ameona na ametulia, basi si ugonjwa, ni mgongo unaodeka. Ndiyo akaingia akiimba."

Nje ya dirisha mvuke ulikuwa unatoka mlimani kama kawaida yake. Mzee Asajile aliiweka mikono yake miwili magotini akaitazama. Hakupata mahali pa kuificha.

Kizingiti hakikuweza kusema lolote zaidi ya kijani chake, lakini nyama husema. Mtu anayebeba mgongo mgonjwa kwa miezi hukaza msuli wa upande mmoja kuulinda, na msuli uliokazwa hivyo hujijenga, hugeuka kamba. Haufanyiki kwa siku moja na haupotei kwa siku moja. Ukipatikana, ni ushahidi kwamba Sekela aliingia bombani tayari mgonjwa. Kwenye picha za hospitali ungeonekana ni msuli mnene tu, wa mtu anayefanya kazi ngumu. Kuutofautisha kulihitaji vidole, na vidole vilivyojua kusoma migongo kilimani pale vilibaki vya mtu mmoja, maana wengine wote walikuwa wamefunzwa kioo.

Alimweleza Tumpe hivyo, polepole, akijua anasikiwa. Akasema atamwelekeza Tumpe pa kubonyeza. Tumpe akajaribu. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, akasema ni mgongo tu, wote uko sawa, yeye atajuaje. Akauondoa mkono.

Kisha sauti ikatoka nyuma ya pazia, na haikupitia kwa mtu.

"Baba. Pima wewe."

Tumpe akaziba mdomo kwa khanga. Mzee Asajile akasimama, akazunguka pazia, akapiga goti kando ya kitanda. Aliuona mgongo wa mkamwana wake kwa mara ya kwanza, mwembamba kuliko alivyodhani, una alama za suti ya mpira mabegani. Akavipasha moto vidole kwa kuvipulizia, kama alivyowafanyia wagonjwa wote maishani. Kisha akagusa.

Upande wa kulia ulikuwa laini. Upande wa kushoto, kutoka nyonga hadi mbavu za chini, ilikuwepo kamba, nene, ngumu, ya masika yote na baada yake. Ilikuwa imefanya kazi siku zote hizo peke yake. Mtu yeyote ambaye angeweka mkono pale kwa muda wa kuvuta pumzi moja angejua.

"Nimekuumiza?" akauliza, moja kwa moja, na sauti yake haikuwa nzuri.

"Sasa hivi?" Sekela akasema ukutani. "Sasa hivi hapana, baba."

*

Baraza la Shirika lilikaa ukumbini kesho yake, wakwanguaji wakiwa wamejaa mpaka madirishani, kwa sababu maji yalikuwa bado yamefungwa na hakukuwa na kazi. Bwana Kitandala alimkaribisha Mzee athibitishe kipimo ili shughuli iishe.

Mzee alithibitisha. Alisema kipimo kilikuwa sahihi na alisema hakifai. Akaeleza ile miisho miwili. Akaeleza kamba aliyoikuta upande wa kushoto na umri wake. Bwana Kitandala akauliza, kwa adabu, ilikuwaje kamba ya tangu masika isijulikane siku ya kipimo, ilhali mpimaji alikuwa yeye mwenyewe, mwenye uzoefu kuliko wote.

Hapo angeweza kujibu kwamba ni mila. Ukumbi mzima ungeikubali. Hakuna aliyetegemea baba mkwe amtomase mkamwana mgongo, na hakuna ambaye angemlaumu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, angepita hapo akatoka akiwa bado Mzee wa Kizingiti.

"Sikuhitaji kumgusa," akasema. "Nilimwona. Alijipandisha kwa mapaja, na nilijua maana yake. Nikatazama ukutani. Nilijidanganya kuwa ni heshima. Nilikuwa naogopa tu kwamba nikisema kijani kile ni cha uongo, basi na kiti changu ni cha uongo. Mwekeni huyo binti mgongo wa pili leo, kwa sababu aliyemwingiza bombani ni mimi."

Bwana Kitandala alitazama chini. Gwamaka, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, alitoka nje, na haikujulikana kama ni kwa hasira au alikuwa anakimbilia hospitali. Labda yote mawili.

Mkwanguaji mmoja akasimama, mama wa makamo mwenye mabega mapana, Atupele Mwaisaka, ambaye alikuwa amepita kwenye fremu ile zaidi ya wengi.

"Na mimi, Mzee?" akauliza. Hakuuliza kwa ukali. "Mimi naamka kwa kujiviringisha kitandani kama gogo. Wiki iliyopita ulinipa kijani. Nilipoinuka mbele yako, niliinukaje?"

Mzee Asajile akaitafuta asubuhi hiyo kichwani. Aliiona rangi ya kioo. Kingine hakukiona.

"Sikuangalia," akasema.

Atupele akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia, akaketi. Na hapo ndipo aibu ilipomshukia Mzee yote. Mpaka muda huo alikuwa amejiona mwenye kosa moja, kosa la mtu mmoja, na kosa moja mtu hulitubu likaisha. Sasa alitazama ukumbi, uso kwa uso, safu kwa safu, na wote walikuwa wameshawahi kuinama mbele yake.

Shirika lilikubali. Lilikubali kwa shingo upande, likasema ni kwa huyu tu, kisha kelele za madirishani zikalifanya liseme ni kwa wote watakaopimwa upya. Kizingiti kilizimwa. Sekela alilazwa uzi jioni hiyo hiyo, na Daktari Nsolo alisema mishipa ilikuwa bado inaitika, ingawa hafifu. Kama ingeshika au isingeshika, hilo hakuna aliyeweza kuahidi.

Kupima upya ilikuwa kazi ya Mzee, maana hapakuwa na mwingine, na aliifanya kwa sharti moja alilolitamka mwenyewe mbele ya baraza. Mtu yeyote anayekuja kupimwa asimsalimie. Asiiname, asipige goti, asiseme shikamoo, wala chumbani wala njiani, mpaka kazi iishe. Anayeinama mbele ya mtu kwa heshima asubuhi hawezi kukataa kuinama mbele yake mchana. Wazee wenzake walimjia wakamsihi. Kumpita mzee bila salamu huko mlimani ni kumzika akiwa anatembea. Akawaambia anajua.

Basi akapanda kilima asubuhi, koti begani, na watu walikuwa wamejaa njiani. Aliwaona wakianza kukunja magoti kwa mazoea, wakakumbuka, wakanyooka, wakageuza macho. Msichana mmoja akacheka kwa woga. Njia nzima, kutoka nyumbani kwake mpaka chumba cha vipimo, alisikia viatu vyake mwenyewe tu.

Atupele alikuwa wa kwanza. Aliingia, akasimama wima, akamtazama usoni, macho makavu, wala hakusema kitu. Mzee akasimama nyuma yake, akaweka viganja viwili chini ya mgongo wake.

"Inama, mama. Ikianza kuuma, simama."

Atupele akainama. Hakufika magotini. Hakufika hata katikati ya mapaja. Akasimama.

"Hapa," akasema.

Mzee alingoja, kwa mazoea, aone kama atashuka zaidi. Hakushuka. Alikuwa anapoteza kazi ya mabomba kwa neno lile moja, na alilijua, na mgongo wake ulitetemeka kidogo chini ya mikono ya mzee lakini haukwenda popote.

"Hapa," Atupele akarudia. "Au husikii?"

"Nimesikia," Mzee Asajile akasema.